Kuadhibu timu inayovuruga pesa bila kuiua ligi: mwongozo kwa kamati za mpira mkoani Kigoma

Timu ikikosa nauli ya kutoka Kakonko hadi Uwanja wa Lake Tanganyika, hasara inakuwa imeshaingia kabla filimbi haijapulizwa. Waamuzi wamefika, chokaa imepigwa, wenyeji wamelipa ulinzi, na timu iliyosubiri inaondoka na pointi tatu za mezani ambazo hakuna aliyezitolea jasho. Wiki inayofuata kamati inakaa na kuipiga faini timu ileile iliyokosa nauli. Faini hailipwi. Ikilipwa, imetoka kwenye posho za wachezaji.

Hapo ndipo ligi nyingi za mkoa zinapokosea. Zinaadhibu pesa ikiwa imeshaisha, zinaadhibu kwa pesa, na anayeumia ni kijana aliyecheza miezi miwili bila kulipwa, huku aliyesaini matumizi akigombea uongozi tena mwakani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga adhabu ili zianze mapema, zianze ndogo, zimguse aliyesaini, na mchezaji awe wa kwanza kulipwa. Umeandikwa kwa ligi ya mkoa yenye timu 8 zinazocheza nyumbani na ugenini, yaani mechi 14 kwa kila timu. Ligi ya wilaya inaweza kuufuata kwa kupunguza viwango.

Kabla ya ligi: kanuni na watu wa kuisimamia

Andikeni kanuni za fedha angalau siku 45 kabla ya mechi ya kwanza na mzipitishe kwenye kikao cha timu zote. Kila timu isaini kwa mkono wa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Saini tatu zina maana yake: adhabu za watu binafsi zitakuja baadaye, na mtu asije kusema hakujua. Hakikisheni hamtungi jambo linalogongana na kanuni za TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, kwa sababu timu iliyoadhibiwa itakata rufaa juu na kushinda kwa kipengele hicho kimoja, hata kama deni lake liko wazi.

Wanaosikiliza kesi za fedha wawe watatu: mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua sheria, mmoja mtu wa mpira. Wote wasiwe na kadi ya uanachama wa timu yoyote ya ligi hiyo. Kwenye mji kama Kigoma, ambapo kila mtu ana timu yake ya Ujiji, Mwanga au Gungu, hili si jepesi. Chukueni mhasibu wa Kasulu asikilize kesi ya Ujiji, na wa Ujiji asikilize ya Kasulu. Atakayeonekana na upendeleo siku ya kwanza ataharibu kazi ya msimu mzima.

Bajeti ipite kwanza, usajili ufuate

Adhabu bora ni ile inayozuia kosa lenyewe. Hispania wanafanya hivyo: La Liga inaipangia kila klabu kikomo cha gharama za kikosi kabla ya msimu, na usajili usioingia kwenye kikomo haupiti. Ndiyo maana mwezi Agosti 2021 Barcelona ilishindwa kumsajili upya Lionel Messi ingawa pande zote mbili zilitaka. Hakuna pointi iliyokatwa wala kesi iliyosikilizwa. Usajili haukupita tu.

Kwenye mkoa, kazi hii inafanyika kwa karatasi moja. Tuchukue timu ya mfano. Imepanga wachezaji 22 kwa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 1,320,000. Benchi la ufundi ni 380,000. Jumla kwa mwezi ni 1,700,000, na kwa miezi minne 6,800,000. Kuna safari 7 za ugenini kwa Coaster ya 450,000, jumla 3,150,000. Chakula cha watu 25 kwa 5,000 kila safari ni 875,000. Ada, mipira, dawa na jezi ni 1,000,000. Matumizi yote yanafika 11,825,000.

Upande wa mapato, timu imeandika mfadhili 6,000,000, wanachama 150 kwa 10,000 kila mmoja yaani 1,500,000, na mapato ya mlangoni 300,000 kwa mechi 7 za nyumbani, yaani 2,100,000. Jumla 9,600,000. Hata kwa hesabu yake yenyewe timu imepungukiwa 2,225,000, na bado kuna matumaini ndani yake.

Kamati ikate matumaini hayo hivi. Pesa ya mfadhili ihesabiwe tu kama ipo benki au kuna mkataba wenye tarehe za kulipa. "Mheshimiwa ameahidi" si pesa. Mapato ya mlangoni yahesabiwe nusu, maana mvua moja ya Machi au mechi ya Simba na Yanga kwenye televisheni siku hiyohiyo inaondoa watu uwanjani. Kwa hesabu hiyo, mkataba wa mfadhili ukiwepo, mapato ya kuaminika ni 8,550,000.

Sasa msikimbilie kunakili kipimo cha Ulaya. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, imeweka gharama za kikosi zisizidi asilimia 70 ya mapato, na ukipiga hesabu hiyo hapa unapata 5,985,000 za posho. Inaonekana nafuu, lakini zinabaki 2,565,000 kwa safari, chakula na ada ambavyo peke yake vinataka 5,025,000. Klabu ya Ulaya inasafiri kwa sehemu ndogo ya mapato yake. Timu ya Kibondo inakula nusu ya pesa yake barabarani. Kwa hiyo geuzeni hesabu: toeni kwanza safari, chakula na ada, kinachobaki ndicho kikomo cha posho. Timu yetu ya mfano inabakiwa na 3,525,000 kwa miezi minne, karibu 880,000 kwa mwezi. Hiyo inatosha wachezaji 22 kwa 30,000 kila mmoja na benchi kwa 220,000. Ni posho ndogo. Lakini 30,000 inayolipwa kila mwezi ina thamani kuliko 60,000 inayolipwa mara mbili halafu simu ya mweka hazina inazimwa, na kwa mpango wa kwanza pesa ingekauka mwezi wa tatu.

Angalieni pia pesa inatoka kwenye kazi gani. Wafadhili wengi wa mwambao wanaishi kwa dagaa na migebuka, na kipato chao kinapanda na kushuka na ziwa. Kila mbalamwezi karabai, taa za kuvutia dagaa usiku, hazisaidii kitu na mapato yanapungua. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Timu ambayo mfadhili wake anategemea mwalo wa Kibirizi ionyeshe italipaje posho za miezi ya namna hiyo. Kwa wenzetu wa Tabora hesabu ni ileile kwa mfadhili wa tumbaku: pesa yake inakuja kwa mkupuo baada ya masoko, halafu kimya kirefu.

Timu isiyopitisha bajeti isizuiwe kucheza. Izuiwe kusajili zaidi ya kikomo. Wachezaji wapya hawapewi leseni mpaka hesabu zikae sawa.

Dhamana

Kila timu iweke 900,000 kwenye akaunti ya pekee ya ligi, yaani nauli ya safari mbili. Akaunti iwe na watia saini watatu, na taarifa ya benki isomwe kila kikao. Timu ikikwama nauli, kamati inailipa Coaster moja kwa moja, haimpi pesa katibu wa timu. Timu inapewa siku 14 kurudisha kilichotumika. Isiporudisha, inahesabiwa ina deni na ngazi za adhabu zinaanza.

Timu ndogo zitalalamika kwamba dhamana ni kubwa. Waruhusuni kulipa kwa awamu mbili, lakini awamu ya kwanza iingie kabla ya ratiba kutoka. Timu isiyoweza kupata nauli ya safari moja mwezi mzima kabla ya ligi haitaipata katikati ya ligi.

Karatasi ya posho, mahali uongo unapojificha

Wachezaji wengi wa ligi ya mkoa ni wa ridhaa na hawana mkataba. Hapo kesi zote hufia, kwa kuwa hakuna wa kuthibitisha walikubaliana nini. Dai la kwanza liwe makubaliano ya karatasi moja kwa kila mchezaji: jina, posho ya mwezi, tarehe ya kulipwa, saini mbili, nakala tatu. Moja ya mchezaji, moja ya timu, moja ya ligi.

Kila tarehe 5 timu ilete karatasi ya malipo ya mwezi uliopita. Iwe na safu tano: jina, kiasi, njia ya malipo, namba ya muamala, saini. Pesa ipitie simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, kwa sababu muamala unaacha alama na pesa ya mkononi haiachi.

Karatasi ya uongo ina dalili zake. Saini 22 za kalamu moja yenye mkandamizo mmoja. Saini zilizonyooka kwenye mstari mmoja kama zimepigwa rula, wakati vijana wanaosaini kwenye paja kando ya uwanja hupindisha. Mchezaji aliyesaini tarehe ambayo alikuwa kwao Uvinza anauguza. Nyingine ni mbaya zaidi: karatasi iliyosainiwa tupu mwanzoni mwa msimu, kisha kiasi kikajazwa baadaye. Hiyo utaijua ukiangalia wino wa tarakimu ukipanda juu ya saini badala ya saini kupanda juu ya tarakimu.

Namna ya kuhakiki: chukueni majina yote kwenye kofia, mvute matatu, muwapigie wachezaji hao hapohapo kikaoni. Waulizeni wamelipwa kiasi gani na ujumbe wa muamala unasema saa ngapi. Msiwataje kwa viongozi wao. Mchezaji anayeogopa kukosa namba hatasema ukweli mbele ya kocha. Majibu mawili kati ya matatu yakipingana na karatasi, wapigieni wote 22.

Ngazi za adhabu

Siku zinahesabiwa tangu tarehe ya malipo ilipopita.

Siku ya 10: barua rasmi kwa timu, nakala kwa chama cha mpira cha wilaya. Timu ijibu kwa maandishi ndani ya siku 5. Bado hakuna adhabu.

Siku ya 15: usajili unafungwa. Hakuna mchezaji mpya, hakuna dirisha dogo, mpaka deni liishe. Hii ndiyo adhabu inayouma bila kumuumiza anayedai, na ndiyo silaha ambayo FIFA yenyewe huitegemea: klabu isiyolipa ndani ya siku 45 baada ya kuamriwa inaweza kufungiwa kusajili kwa madirisha mpaka matatu mfululizo.

Siku ya 30: pointi 1.

Siku ya 45: pointi 2 zaidi.

Siku ya 60: wachezaji wanaodai wako huru kuondoka bila barua ya timu, na shauri la kushushwa daraja linafunguliwa. Kanuni za FIFA nazo zinampa mchezaji mwenye mkataba haki ya kuuvunja akidai mishahara ya miezi miwili, baada ya kutoa taarifa ya siku 15.

Kwa nini pointi chache hivi? Kwa sababu pointi ni sehemu ya jumla, na jumla yenu ni ndogo. Portsmouth ilipoingia chini ya msimamizi wa mufilisi mwaka 2010 ilikatwa pointi 9 katika Ligi Kuu ya Uingereza yenye mechi 38, yaani pointi 114 zinazowaniwa. Hiyo ni karibu asilimia 8. Ligi yenu ina pointi 42. Asilimia 8 yake ni pointi 3 na kidogo. Kamati inayosikia "pointi 12" kwenye redio na kuiweka kwenye ligi ya mechi 14 imeishusha timu daraja bila kusema. Timu iliyokwisha kushuka haina sababu ya kulipa deni wala kusafiri.

Juu ya ngazi hizo kuna yanayoongeza na yanayopunguza. Timu iliyojileta yenyewe na kusema imekwama ipunguziwe, iliyoleta karatasi ya uongo iongezewe. Nottingham Forest ya Uingereza, iliyovuka kikomo cha hasara, mwaka 2024 ilianza na pointi 6, ikapunguziwa 2 kwa kukiri mapema na kushirikiana, ikakatwa 4. Andikeni hesabu hiyo kwenye hukumu, hatua kwa hatua, ili timu ione kila pointi imetoka wapi.

Kuna pia adhabu yenye masharti: pointi 2 zinawekwa pembeni, timu ikifuata mpango wa malipo zinafutwa, ikiruka tarehe moja zinakatwa siku hiyohiyo bila kikao kipya. Itumieni zaidi ya nyingine zote. Kiongozi anayeona pointi zake bado anaweza kuziokoa ataenda kukopa kwa shemeji. Aliyekwisha kuzipoteza hatakwenda.

Faini kwa timu iondoeni kabisa kwenye makosa ya madeni. Ibaki kwa kiongozi binafsi, kwa kuchelewesha nyaraka au kudanganya, na alipe yeye, si mfuko wa timu.

Kusikiliza shauri na muda

Wito wa maandishi, siku 5 za kujibu, timu isikilizwe, hukumu yenye sababu ndani ya siku 7, rufaa ndani ya siku 3, jibu la rufaa ndani ya siku 7. Mkiruka hatua moja, hasa ya kusikiliza, hukumu yote inaanguka.

Muda ni mgumu kuliko unavyoonekana. Everton, nayo ya Uingereza na kwa kosa la aina hiyohiyo, ilikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 Februari 2024, kisha ikakatwa 2 nyingine Aprili. Msimu mmoja, msimamo umebadilika mara tatu mezani, na timu za chini hazikujua zinamfukuza nani. Wekeni kwenye kanuni kwamba hakuna pointi inayokatwa ndani ya raundi tatu za mwisho. Shauri lisilokamilika kabla ya hapo linahamia msimu unaofuata, timu inaanza na pointi pungufu. Wapinzani wake wa mwaka huu watalalamika, na wana haki ya kulalamika. Lakini kushusha timu nyingine kwa hukumu ya usiku wa kuamkia mechi ya mwisho kunaleta fujo ambayo askari wawili wa uwanjani hawaiwezi.

Timu ikianguka kabisa

Mechi pungufu ya nusu zikiwa zimechezwa, futeni matokeo yake yote. Zikiwa zimezidi nusu, yaachwe na zilizobaki zipewe wapinzani kwa mezani. Nafasi yake ihesabiwe kama moja ya zinazoshuka, kama walivyofanya Uingereza Bury ilipofukuzwa Agosti 2019: ligi iliendelea na timu 23 na wanaoshuka wakapunguzwa kutoka wanne hadi watatu.

Sehemu ya pili ya jambo hili inatuhusu sana. Kwetu timu inauzwa daraja, inabadilishwa jina na kuhamishwa mkoa. Kitayosce, iliyoanzia Moshi, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023 ikawa Tabora United ya Tabora. Kubadili jina si kosa, lakini ni mlango ambao madeni yanaweza kutokea. Andikeni wazi kwamba deni linafuata nafasi kwenye ligi: anayechukua nafasi ya timu, kwa jina lolote, anachukua na karatasi za posho zisizolipwa. Asiyetaka madeni aanzie ligi ya wilaya. Rangers ya Scotland, yenye historia yote ile, ilianza upya daraja la nne mwaka 2012 baada ya kampuni yake kufilisika.

Timu hiyohiyo ya Tabora ilionyesha kwa macho usajili ukikwama unakuwaje. Mwezi Agosti 2023, mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Azam, iliingia uwanjani na wachezaji 8 kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Wawili walipotoka wakabaki 6, chini ya 7 wanaotakiwa na sheria za mpira, na mechi ikaishia hapo kabla ya dakika 20, Azam ikiongoza 4-0. Ndiyo maana kufungia usajili kusiguse wachezaji waliokwisha kupewa leseni, na ukaguzi wa bajeti uishe wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza, si asubuhi yake.

Aliyesaini

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliosaini bajeti ya uongo au karatasi ya malipo ya uongo wafungiwe msimu mmoja hadi mitatu, wao kwa majina yao, kwenye timu yoyote ya mkoa. Jina lipelekwe TFF kupitia chama cha mkoa, asije akavuka kwenda kuongoza timu ya mkoa wa jirani. Mfadhili aliyevunja mkataba haadhibiwi na ligi, huyo ni wa mahakama. Ila timu isiruhusiwe kuhesabu ahadi yake kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.

Siku saba za mwisho

Baada ya mechi ya mwisho, kila timu ilete karatasi ya malipo ya mwezi wa mwisho na majina matatu yavutwe tena kwenye kofia. Pesa ya dhamana inalipa kwanza posho, kisha nauli na waamuzi, kisha wadai wengine, na kinachobaki kinarudishwa kwa timu na risiti. Bingwa anayedaiwa posho apewe siku hizo saba alipe. Siku ya nane jina linalopelekwa Ligi ya Mabingwa wa Mikoa ni la timu ya pili, na kikosi chake kijulishwe tangu siku ya kwanza ya hizo saba, kisije kikatawanyika kwenda mashambani na ziwani.